Somo la 6: Shida Mpya, Mungu Yule Yule

SABATO MCHANA

Kwa ajili ya somo la juma hili, soma Kutoka 15:22 hadi 17:16, Kumbukumbu la Torati 25:17, 18, na 1 Petro 1:1-7, 4:12-19.

Fungu la Kukariri: 1 Petro 4:12. Lisome kwa sauti katika Biblia yako mara tatu. Angalia jinsi Petro anavyowakataza waumini kuutazama msiba wao kama mgeni asiyetarajiwa.

Si kila mwamini anayekata tamaa huangushwa na shida ya kwanza. Wengi huivuka. Mama anamuuguza mumewe kwa miaka mitatu, anamzika, na kanisa zima linaishuhudia imani yake. Mwaka haujaisha, ndugu za marehemu wanakuja kudai shamba. Kesi ya shamba haijakwisha, kijana wake aliyekuwa akimtegemea anapoteza kazi mjini na kurudi nyumbani na begi moja. Hapo ndipo nafasi yake kanisani inaanza kuonekana tupu. Wanaomjua wanaulizana: aliyestahimili kifo cha mume, imekuwaje ashindwe na habari ya kazi?

Jibu ni kwamba shida mpya haimkuti mtu mahali ile ya zamani ilipomkuta. Inamkuta amechoka. Akiba imetumika, machozi yamekauka, na wafariji waliokuja mara ya kwanza wamerudi kwenye shughuli zao. Tena shida mpya huja na swali ambalo ya kwanza haikuwa nalo: je, ile haikutosha? Mara nyingi mwamini huwa amefanya mapatano na Mungu moyoni mwake bila kuyatamka. Amejiambia kwamba akivuka hapa atapumzika. Inapokuja nyingine, anahisi kwamba mapatano yamevunjwa, na aliyeyavunja ni Mungu.

Biblia haijaweka mahali popote ahadi kwamba shida iliyovukwa ndiyo ya mwisho hapa duniani. Ahadi yake ni nyingine, nayo ni bora zaidi. Somo la juma hili linawafuata Waisraeli katika majuma yao ya kwanza jangwani, ambako walikutana na shida nne mfululizo, na kila moja haikufanana na iliyotangulia. Kisha linawatembelea Wakristo walioandikiwa na Petro. Katika safari yote jambo moja litaonekana: imani ya jana ni ushuhuda mzuri, lakini imani ya leo huombwa leo.

JUMAPILI
Siku Tatu Baada ya Wimbo

Soma Kutoka 15:22-27. Waisraeli walikuwa wametoka kuona tendo gani la Mungu? Muda gani ulipita hadi waliponung'unika?

Sehemu kubwa ya sura ya 15 ni wimbo. Musa aliimba, wana wa Israeli wakaimba, Miriamu akatwaa tari na wanawake wakamfuata. Farao na magari yake walikuwa chini ya maji. Mtu angedhani kwamba watu walioona jambo kama lile wasingeogopa tena maisha yao yote. Lakini sura hiyo hiyo inaeleza kwamba walitembea siku tatu katika jangwa la Shuri bila kupata maji, na walipoyapata yalikuwa machungu, hayanyweki. Mahali pale pakaitwa Mara, maana yake uchungu. Wimbo ukageuka kuwa manung'uniko.

Ni rahisi kuwahukumu. Lakini tazama jinsi shida ya Mara ilivyotofautiana na ile ya Bahari ya Shamu. Kwenye bahari palikuwa na adui anayeonekana, mwenye farasi na silaha. Mara hapakuwa na adui. Palikuwa na kiu tu, na watoto wanaolia, na mifugo inayolegea. Kwenye bahari maji yalikuwa mengi mno. Jangwani hayakuwepo, kisha yalipopatikana yakawa ya kutemwa. Kwenye bahari hofu ilikuwa ya usiku mmoja. Jangwani ilikua kidogo kidogo kwa siku tatu. Hakuna aliyekuwa amewafundisha kumtumaini Mungu katika shida ya namna hiyo.

Na Mungu hakurudia njia aliyoitumia kwanza. Hakupasua kitu, wala hakutuma upepo wa mashariki. Alimwonyesha Musa mti, Musa akautupa majini, na maji yakawa matamu. Tendo la bahari lilitikisa mataifa. Tendo la Mara lilihitaji kipande cha mti kilichokuwa papo hapo. Lakini aliyetenda ni mmoja.

Hapa ndipo waumini wengi hujikwaa. Mtu aliugua, akaombewa, akapona ndani ya juma moja, na ushuhuda wake ukasimuliwa kwenye makambi. Miaka kumi baadaye anaambiwa na daktari kwamba ana kisukari, na kwamba atameza dawa kila siku ya maisha yake. Anaomba kama alivyoomba zamani, lakini sukari haishuki bila dawa. Anaanza kufikiri kwamba Mungu amemwacha, au kwamba imani yake imepungua. Amesahau kwamba Mungu wa bahari ndiye Mungu wa kile kipande cha mti. Ilikuwa ni pale Mara, penye maji machungu, si kwenye bahari, ambapo BWANA alijitambulisha kwa watu wake kuwa ndiye anayewaponya (fungu la 26).

Kituo kilichofuata kilikuwa Elimu, penye chemchemi kumi na mbili na mitende sabini. Wale walionung'unika Mara hawakujua kwamba njia yao inaelekea huko.

Je, kuna njia fulani ambayo Mungu alikusaidia zamani, na sasa unamdai aitumie tena? Inaweza kuwa msaada wa leo uko karibu nawe kwa sura usiyoitazamia?

JUMATATU
Mana Isiyowekwa Akiba

Soma Kutoka 16:1-30. Kwa nini Mungu aliwapa chakula cha siku moja moja, badala ya kuwajazia maghala kwa safari nzima?

Mwezi mmoja kamili baada ya kutoka Misri, chakula kilikwisha. Sasa kumbukumbu za watu zilibadilika. Misri, nchi ya viboko na matofali, ilikumbukwa kama nchi ya masufuria ya nyama. Shida mpya ina nguvu ya kuipaka rangi nzuri shida ya zamani. Ndiyo maana mtu aliyeacha ulevi au biashara haramu kwa ajili ya Kristo huanza, njaa inapobisha hodi, kuyasimulia maisha yale kana kwamba yalikuwa mema.

Mungu aliwapa mana, na pamoja na mana alitoa kipimo: pishi moja kwa kila mtu kwa siku. Waliojaribu kuweka akiba hadi asubuhi walikuta imeingia mabuu na inanuka. Mafundisho yake yalikuwa wazi. Neema ya Jumatatu haikutengenezwa kwa ajili ya Jumanne. Mwamini anayejiuliza kama ana imani ya kutosha kwa mateso ya mwaka ujao anauliza swali ambalo mana hailijibu. Imani ya mwaka ujao haijanyesha bado. Iliyopo ni ya leo, nayo inatosha kwa leo, kwa sharti kwamba aamke na kwenda kuiokota.

Lakini siku ya sita utaratibu ulibadilika. Waliokota pishi mbili kwa kila mtu, na kile kilichobaki hadi Sabato hakikunuka wala hakikuingia mabuu. Angalia mahali ambapo jambo hili lilitokea. Israeli walikuwa hawajafika Sinai. Amri kumi zilikuwa hazijatamkwa mlimani. Hawakuwa na mashamba, wala ghala, wala soko. Sabato haikusubiri mpaka watu washibe na kutulia Kanaani. Iliwekwa mbele yao wakati wa njaa, nayo ikawa kipimo cha kuonyesha wanamtegemea nani.

Waliotoka siku ya saba kwenda kuokota (fungu la 27) hawakuwa watu wasiomjua Mungu. Walikuwa watu wenye hofu. Mambo yakiwa mazuri, kuitunza Sabato humgharimu mwamini kidogo. Shida mpya ikiingia, gharama inapanda. Mwenye kibanda cha nyanya anajua kwamba gulio kubwa liko siku ya Jumamosi. Dereva wa bodaboda ana marejesho ya mkopo kila juma. Kibarua anaambiwa kwamba asiyekuja Jumamosi asirudi Jumatatu. Watu hawa hawahitaji hotuba nyepesi. Wanahitaji kusoma sura hii polepole, na kanisa linalosoma pamoja nao linahitaji kujiuliza linawashikaje mkono.

Mambo mawili katika sura hii hayapaswi kutenganishwa. La kwanza, Mungu hakuwaambia wakae hemani tangu siku ya tano. Siku ya sita ilikuwa siku ya kazi maradufu. Kumtegemea Mungu hakukuwa uvivu. La pili, mana haikuwa karamu. Aliyeokota kingi hakuzidiwa na kitu, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Mungu aliahidi kutosha, wala hakuahidi utajiri. Anayehubiri kwamba mtunza Sabato lazima atajirike anahubiri jambo ambalo sura ya 16 haikulisema.

Ni jambo gani unalolihofia la mwezi ujao ambalo limekuzuia kupokea neema ya leo?

JUMANNE
Mikono Iliyochoka

Soma Kutoka 17:1-16 pamoja na Kumbukumbu la Torati 25:17, 18. Amaleki alichagua kuwashambulia watu gani, na wakati gani?

Refidimu watu walikosa maji tena. Safari hii hapakuwa hata na maji machungu. Musa alimlilia BWANA akisema kwamba bado kidogo watampiga kwa mawe. Mungu akamtuma kwenye mwamba wa Horebu, maji yakatoka, na mahali pale pakapewa majina mawili, Masa na Meriba, kwa sababu watu waliteta na kumjaribu BWANA. Fungu la 7 linataja swali waliloliuliza: kama BWANA yuko kati yao au hayuko.

Hilo ndilo swali lililofichwa chini ya shida zote. Mtu anaweza kustahimili njaa, na anaweza kustahimili deni. Kinachovunja moyo ni wazo kwamba yuko peke yake ndani ya njaa na deni hilo. Waisraeli waliliuliza swali hilo wakati wingu lilikuwa juu yao na mana ya asubuhi ile ilikuwa bado tumboni. Kwa hiyo uhitaji uliopo si ushahidi kwamba Mungu ameondoka.

Mara tu baada ya swali hilo, Amaleki alikuja. Hii ilikuwa shida ya namna nyingine kabisa, yaani vita. Kumbukumbu la Torati linaongeza jambo ambalo kitabu cha Kutoka hakikulieleza: Amaleki hakuanza na mashujaa waliokuwa mbele. Aliwapiga walioachwa nyuma, wanyonge, watu waliokuwa wamechoka. Adui wa roho hajabadili desturi hiyo. Huwanyemelea walio mkiani mwa msafara, ambao hakuna anayegeuka kuwatazama.

Yoshua alipigana bondeni, na Musa alisimama kilimani akiinua mkono wenye fimbo. Mkono ukiwa juu, Israeli walishinda. Ukishuka, Amaleki alishinda. Musa alikuwa mtu wa imani kuliko wote waliokuwapo, hata hivyo mikono yake ilikuwa mizito. Biblia haisemi kwamba alikemewa kwa uchovu wake. Haruni na Huri walitwaa jiwe wakamketisha, kisha wakashika mikono yake, mmoja upande huu na mmoja upande huu, mpaka jua likachwa.

Zingatia kile ambacho hawakumfanyia. Hawakumwambia awe na imani zaidi, wala hawakumkumbusha bahari. Walileta jiwe la kukalia, kisha wakabaki. Kuna wagonjwa na wafiwa wengi waliohubiriwa sana na kuletewa jiwe mara chache. Jiwe linaweza kuwa debe la mahindi, nauli ya kwenda hospitali ya mkoa, mtu wa kulala na mgonjwa ili mama apate usingizi usiku mmoja, au mzee wa kanisa anayeketi mahakamani siku ya kesi ya shamba. Na kazi ilikuwa mpaka jua likachwa. Shida ya kwanza huwavuta wageni wengi. Ya pili na ya tatu huonyesha nani atabaki.

Katika darasa lako, ni nani ambaye shida yake imekuwa ya muda mrefu hata watu wameacha kumwulizia? Jiwe lake ni nini?

JUMATANO
Si Kitu Kigeni

Soma 1 Petro 1:1-7 na 4:12-19. Petro anatofautishaje mateso ya haki na mateso ambayo mtu amejiletea mwenyewe?

Waraka wa kwanza wa Petro uliandikwa kwa waumini waliotawanyika katika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, majimbo ya Dola ya Rumi ambayo leo ni sehemu ya nchi ya Uturuki. Walikuwa wameshazoea kusemwa vibaya na jirani zao kwa sababu hawakushiriki tena ulevi na ibada za sanamu (1 Petro 4:3, 4). Sasa ulikuwa unakuja mkali zaidi, ambao Petro anaufananisha na moto wa kujaribu dhahabu.

Petro hawaambii kwamba moto ni mdogo. Anawaambia usiwashangaze. Mshangao una hatari yake: mtu aliyeshangazwa na shida huanza kutafuta ni nani amekosea, yeye au Mungu. Anayejua kwamba njia ya Kristo ilipita hapo hapo hapotezi nguvu katika kutafuta aliyekosea. Anauliza swali lingine: leo nifanye lililo jema gani?

Lakini Petro ni mwangalifu. Katika fungu la 15 anaonya kwamba mtu asiteswe kwa sababu ya uuaji, wizi, uovu, au kujishughulisha na mambo ya watu wengine. Si kila shida ya Mkristo ni msalaba. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi kwa kuchelewa kila Jumatatu asijihesabu kuwa ameteswa kwa ajili ya Sabato. Aliyekopa bila mpango asimlaumu shetani peke yake. Kwa mtu wa namna hiyo mlango wa toba na kujirekebisha uko wazi, na huko nako Mungu yupo.

Fungu la 19 ndilo kilele. Wanaoteswa wanaagizwa kumwekea Mungu roho zao kama amana, huku wakiendelea kutenda mema. Amana huwekwa kwa mtu unayemwamini, nawe unaondoka ukafanye kazi zako bila kuilinda tena usiku kucha. Na jina ambalo Petro anampa Mungu hapo ni Muumba mwaminifu. Katika waraka wa mateso angeweza kumtaja kama Hakimu au Mfalme. Alichagua jina ambalo kila Sabato hulikumbusha. Yeye aliyefanya vitu vyote bila kuwa na kitu cha kuanzia hakosi njia mwamini anapoishiwa.

Takriban miaka hamsini baadaye, mnamo mwaka 112, liwali wa Bithinia na Ponto aliyeitwa Plinio alimwandikia Kaisari Trayano kuhusu Wakristo wa jimbo lake. Barua hiyo ipo hadi leo. Plinio aliwauliza washtakiwa mara tatu kama ni Wakristo, na waliokiri bila kurudi nyuma aliamuru wauawe. Wengine walikana, wakafukiza uvumba na kumwaga divai mbele ya sanamu ya Kaisari, na kumlaani Kristo. Baadhi yao walisema kwamba waliwahi kuwa Wakristo lakini waliacha miaka mitatu iliyopita, wengine zaidi, na wachache hata miaka ishirini iliyopita. Wanawake wawili watumwa, waliokuwa wakihudumu kanisani, waliteswa ili watoe siri.

Siri iliyopatikana ilikuwa hii: walikutana kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama Mungu, na wakafungana kwa kiapo. Kiapo chenyewe hakikuwa cha uasi. Waliapa kutoiba, kutozini, kutovunja ahadi, na kutokataa kurudisha amana waliyokabidhiwa wakati mwenyewe anapoidai. Watu waliokuwa wamemwekea Mungu roho zao kama amana walikuwa waaminifu kwa amana za majirani zao. Hivyo ndivyo maneno ya Petro yalivyoonekana maishani. Wakati shida ilipokuwa kubwa kuliko uwezo wao, waliendelea na mema yaliyokuwa ndani ya uwezo wao.

Ni tendo gani jema la kawaida ambalo uliliacha tangu shida hii mpya ianze? Utalirudiaje juma hili?

ALHAMISI
Kazi Iliyofanyika Kitandani

Soma tena 1 Petro 1:6, 7. Petro anasema nini kuhusu huzuni ya waumini? Je, kuhuzunika ni dalili ya kukosa imani?

Historia ya Waadventista ina mifano ya shida zilizofuatana. Ellen White alimzika mtoto wake mchanga, John Herbert, mwezi Desemba 1860, akiwa na umri wa miezi mitatu hivi. Miaka mitatu baadaye, mwezi huo huo wa Desemba, alimzika mwanawe mkubwa, Henry, kijana wa miaka 16 aliyefariki kwa nimonia. Mwaka 1881 mumewe, James, alifariki. Mwanamke aliyekwisha kupita hayo angeweza kusema kwamba amemaliza zamu yake.

Mwezi Desemba 1891 alifika Australia kutoka Marekani, akiwa na umri wa miaka 64. Hakukaa sana akashikwa na ugonjwa uliomletea maumivu makali ya viungo, na kwa karibu miezi kumi na mmoja mwaka 1892 alikuwa mtu wa kitandani. Hii ilikuwa shida mpya kwake kwa sababu iligusa wito wenyewe. Alivuka bahari ili afanye kazi, na sasa hakuweza hata kugeuka bila maumivu. Baadaye alieleza wazi kwamba mwanzoni alijutia safari ile, akajiuliza kwa nini hakubaki Marekani, na kwa nini gharama yote ile ilitumika. Hakuyaficha maswali hayo. Aliyapeleka kwa Bwana mpaka moyo wake ukatulia na kukubali kwamba hakukosea njia kuwa pale.

Kisha akafanya kilichowezekana. Mkono wake wa kulia, kuanzia kiwiko, ulikuwa unaweza kushika kalamu. Aliandika akiwa ameegemezwa kwa mito, na katika miezi ile ya maumivu aliandika kurasa zipatazo 2,500, nyingi zikiwa barua, huku akiendelea na kazi ya maisha ya Kristo. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1898, nacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Tumaini la Vizazi Vyote. Wengi waliofarijiwa nacho vitandani mwao hawajui kwamba mwandishi wake naye alikuwa akifanya kazi hiyo kitandani.

Afrika Mashariki nayo ina ushuhuda wake. Ujumbe wa Waadventista ulifika katika milima ya Upare mwaka 1903, ukiletwa na wamisionari kutoka Ujerumani. Waumini wa kwanza walivuka shida walizozijua: kudhihakiwa na jamaa na kutengwa na mila za ukoo. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, shida ambayo hakuna aliyekuwa ameifundishwa. Majeshi ya Uingereza yalipita Upare mwaka 1916, na wamisionari wa Kijerumani wakawekwa kizuizini. Kanisa changa likabaki bila wale waliolianzisha. Lakini halikufa, kwa sababu halikuwa limejengwa juu yao. Upare umeendelea kuwa moja ya ngome za Waadventista nchini Tanzania hadi leo.

Ellen White alibakiwa na kiwiko na kalamu. Waumini wa Upare walibakiwa na Neno, na wao kwa wao. Shida mpya huchukua vitu vingi, lakini mara chache huchukua vyote. Swali la imani ni kile kilichobaki kitatumikaje.

Orodhesha mambo matatu ambayo shida yako ya sasa haijayachukua. Mojawapo linawezaje kuwekwa mikononi mwa Mungu leo?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Pitia tena Kutoka 15 hadi 17 kwa kikao kimoja, kama inavyosomwa hadithi. Andika shida nne za Israeli, na mbele ya kila moja andika njia ambayo Mungu alitumia: mti, mana, mwamba, na mikono iliyoshikwa. Hakuna njia iliyorudiwa. Baada ya vita, BWANA alimwagiza Musa aandike habari ile katika kitabu iwe ukumbusho (17:14). Ukumbusho haukuandikwa ili watu waidai njia ile ile tena. Uliandikwa ili, njia ikibadilika, wamtambue aliye mbele yao.

Yule mama wa mwanzo wa somo hakupoteza imani yake kwa sababu habari ya kazi ni nzito kuliko kifo. Alikuwa kama Musa jioni ile, mikono yake imekuwa mizito na hakuna jiwe. Inawezekana mtu wa namna hiyo ameketi katika darasa hili, au alikuwa akiketi humo mwaka jana. Kwake somo hili lisiwe lawama. Mungu aliyempa mana ya siku zile hajafunga mkono wake. Kuna ya kesho asubuhi pia. Na kwa wanaomzunguka, jua bado halijachwa.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini shuhuda za ukombozi wa zamani wakati mwingine humuumiza mtu aliye katika shida mpya? Kanisa litoeje ushuhuda kwa namna inayoinua mikono badala ya kuilemea?

2. Sabato ilitolewa kama jaribio wakati wa uhaba (Kutoka 16). Darasa lenu linaweza kufanya nini, kwa vitendo, kwa mshiriki ambaye kuitunza Sabato kunaweza kumfanya apoteze riziki yake?

3. Tumieni 1 Petro 4:15, 16 kujadili tofauti kati ya mateso kwa ajili ya Kristo na matokeo ya makosa ya mtu mwenyewe. Mtu aliye katika hali ya pili asaidiweje bila kudanganywa na bila kukatishwa tamaa?

4. Baadhi ya waliofikishwa mbele ya Plinio walikuwa wameiacha imani miaka mingi kabla ya kushtakiwa. Hili linafundisha nini kuhusu wakati ambapo imani hupotea hasa? Je, hupotea siku ya jaribu kubwa, au katika siku za kawaida zinazolitangulia?

5. Chagueni mtu mmoja ambaye shida yake imedumu. Kabla ya Sabato ijayo, amueni nani atakuwa Haruni, nani atakuwa Huri, na jiwe litapatikana wapi.